Si Ushetani, ni Sanaa

Ipo tabia iliyokita mizizi shuleni ya kuita ushetani kila picha ambayo maana yake haifahamiki upesi. Itakumbukwa kuwa mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na fununu za namna hiyo hazijatoweka mabwenini hadi leo. Tunachelea kwamba hofu hiyo itawafungia vijana mlango wa sanaa ya video, hasa kazi za Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972.

Chukua filamu yake fupi, The End of Carrying All, iliyoonyeshwa katika maonyesho makuu ya Venice, Italia, mwaka 2015. Mwanamke, ambaye ni msanii mwenyewe, anatembea nyikani akiwa na kapu kichwani. Kadiri anavyokwenda ndivyo mzigo unavyozidi: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, hata majengo. Mgongo unapinda. Hasemi neno. Mwishowe mwili na mzigo vinakuwa donge moja lisilo na umbo, nalo linaporomoka ukingoni mwa jabali.

Mwalimu ambaye kila jioni huwaona akina mama wakirudi na kuni mgongoni hahitaji mkalimani hapa. Jambo tulilolizoea hata tukaacha kuliona limegeuzwa jinamizi. Wataalamu wa saikolojia huzungumzia ung'amuzibwete, yaani yale yatokotayo akilini bila ya mwenyewe kuyajua. Msanii huyu ameyapa miguu na mgongo.

Katika Amazing Grace ya mwaka 2005, anaingia baharini akiimba kwa Kikuyu wimbo huo wa kanisa. Mtunzi wa maneno yake, John Newton, aliwahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Ni nani atakayesema kwamba hapo hapana somo la historia, tena la dini? Ama My Cave Call ya mwaka 2021, hiyo imetoka Mlima Suswa, katika Bonde letu la Ufa.

Hatusemi kila kazi ya aina hii ni njema. Zipo video nyingi ambazo giza lake ni kisingizio cha kukosa la kusema. Lakini mwanafunzi atajifunzaje kupambanua ikiwa hajaonyeshwa hata moja?

Mtaala wa umilisi una mkondo mzima wa sanaa katika sekondari ya juu. Itakuwa ajabu mkondo huo ukiishia kwenye penseli na rangi za maji. Wizara ya Elimu na Makavazi ya Kitaifa wamwombe msanii idhini ya kuzipeleka kazi hizi madarasani. Panahitajika projekta moja na pazia zito dirishani. Mwalimu naye anyamaze kwanza, wanafunzi waseme wameona nini ndani ya lile kapu.