Mipaka ya Lufira tuione kwa macho

Tangu 1982, bonde la Lufira upande wa ziwa Tshangalele liko kwenye orodha ya akiba za UNESCO. Kanuni yake si ngumu. Kuna eneo la katikati ambalo haliguswi, kuna ukanda wa kulizunguka, halafu eneo la tatu ambamo watu wanaishi na kutumika bila kuharibu. Vizuri. Lakini muulize mama mwenye kulima mihogo kandokando ya muto: eneo la kwanza linaishia wapi? Atanyoosha mukono huku, kisha kule. Borne haiko, kibao hakiko.

Sisi familia za wachimbaji hatukatai muto ulindwe. Mayi ile ndiyo tunapikia bukari, na samaki ya Kapolowe inatoka mule. Tena muto huu umelisha migodi kuliko mutu yeyote: barrage ya Mwadingusha, iliyofunga Lufira na kuzaa ziwa, inatoa umeme tangu 1930. Kwa hiyo wenzetu wanaosema «kwanza feza, muto baadaye», hatuko pamoja nao. Ukioshea mawe mutoni, uchafu unashuka, na wa kwanza kuukuta ni mutoto wako anayechota chini.

Kinachotuuma ni kingine. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inasema mchimbaji wa mikono achimbe ndani ya ZEA tu, awe na karte, awe ndani ya kooperativi. Sawa. Lakini vilima vizuri vimeisha kupewa makampuni, na kijana anapoelekezwa ZEA anakuta udongo mutupu. Aende wapi? Anashuka mutoni usiku. Mwenye uniforme anamukamata, anamulipisha, anamwachilia, na kesho yake wote wawili wanarudi palepale. Kulinda muto hakuko vile; ile ni biashara.

Na kiwanda kinachomwaga mayi yenye rangi, nani anakilipisha usiku? Mita zitakazohesabiwa kwa shamba la mama zihesabiwe vilevile kwa bomba.

Mama huyo, tukumbuke, hana karatasi. Tangu sheria ya 1973 udongo wote ni wa Leta, na Leta ikitaka kumuondoa, itasema tu kwamba hakuwa na haki pale. Ndiyo sababu tunaomba wakubwa wa provensi watembee ukingo mzima kwa miguu, pamoja na machefu wa vijiji, wavuvi na bamama wa mashamba, wakipanda borne moja moja. Karte ya maeneo itundikwe kila kijiji, kwa Kiswahili. Anayehamishwa aonyeshwe shamba lingine kwanza. Na ZEA ifunguliwe mahali penye madini kweli, na mashimo ya kuoshea mbali, mayi yake isirudi mutoni.

Ianze kabla ya mwezi wa kumi na moja, mbegu ya mahindi haijaingia udongoni.