Kabla ya kuinua Jimny, mkumbuke mtoto

Wazazi wanaopenda safari za porini huinua Suzuki Jimny kwa springi ndefu na matairi makubwa ili isigonge mawe. Lakini gari likiinuliwa, uzito nao hupanda juu, na kupinduka kwenye kona kunakuwa rahisi. Mizigo mizito kwenye keria huongeza hatari. Dereva anayerudi rivasi pia anaweza asimwone mtoto aliyesimama nyuma.

Jimny ya mwaka 2018 tayari imeinuka sentimita 21 kutoka ardhini. Kwa barabara nyingi za vijijini, matairi yenye meno mazuri yanatosha.

Ukiamua kuinua, funga kamera ya nyuma, weka mizigo mizito chini, na mtoto akae kwenye kiti chake akiwa amefungwa mkanda. Kabla ya kuwasha gari, lizunguke kwanza.