Pikipiki ya mzee haiinuliwi kwa kifua

Mpenzi msomaji, ikiwa pale nyumbani kuna pikipiki kuukuu aliyoiacha baba au babu, na wewe una spana mbili tatu na hamu ya kuitengeneza, tulia kidogo tuzungumze.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa chuo, alirithi Honda CG125 ya marehemu babake. Pikipiki za aina hii zilianza kuundwa mwaka wa 1976, na injini yake haina makuu. Jumamosi moja akaazimia kutoa gurudumu la mbele asafishe breki. Aliweka jiwe chini ya injini, akaanza kuvuta nati iliyoshika kutu. Nati haikutoka; pikipiki ndiyo iliyotoka. Alipoiona ikilala alitia mguu aizuie. Mguu ukavunjika, na muhula mzima ukapotea. Mamake akaapa kuiuza.

Kosa lake halikuwa kujifunza ufundi. Kosa lilikuwa kudhani pikipiki huinuliwa kwa nguvu. Honda hiyo ndogo ina uzito wa karibu mifuko miwili ya saruji. Zile za Kiingereza, kama Triumph Bonneville iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1959, hupita kilo 160. Hapo hakuna kifua cha kushindana na chuma.

Anza na mahali. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kama ua wenu ni wa udongo, tandika ubao mpana, la sivyo stendi itazama. Zima injini, iache ipoe, funga petroli, kisha toa gia. Nati zote ngumu zilegeze sasa, magurudumu yote mawili yakiwa bado chini. Kijana wetu angefanya hili moja tu, asingeona hospitali.

Sasa stendi ya kati, ile ya miguu miwili. Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike keria au chuma kilicho chini ya kiti. Teremsha stendi kwa mguu wa kulia, uisimamishe pikipiki wima mpaka usikie miguu yote miwili ya stendi imegusa chini. Kisha panda juu ya kile kikanyagio cha stendi kwa uzito wako wote, mgongo ukiwa umenyooka. Mkono wa kulia unaongoza tu. Pikipiki itarudi nyuma na kupanda yenyewe. Ikikataa, usivute, sukuma gurudumu la nyuma juu ya kibao chembamba kwanza, halafu ujaribu tena.

Ikishapanda, funga stendi kwa kamba ngumu hadi gurudumu la mbele ili isiweze kukunjika. Ikiwa gurudumu la mbele ndilo utakalolitoa, ifunge kamba kwenye fremu mbele. Mkono wa breki ya mbele ukaze kwa ukanda wa blada ili gurudumu lisibingirike. Kuinua upande wa mbele, tumia jeki na kipande cha mbao juu yake, chini ya vyuma vya fremu vinavyopita chini ya injini. Usiweke jeki chini ya bomba la moshi wala nati ya kumwagia oili. Pikipiki nyingi ndogo hazina vyuma hivyo. Kwa hizo, mwombe fundi wa jua kali akuonyeshe mahali pa kushika. Jeki peke yake haiaminiki. Panga mbao imara kando yake, kisha uitikise pikipiki polepole kabla ya kufungua chochote.

Mambo mawili usiyasahau kamwe. Cheni husafishwa injini ikiwa imezimwa, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Cheni inayozungushwa na injini hukata kidole kabla hujapiga yowe. La pili, pikipiki ikianza kuanguka, iachie uruke kando. Tangi likibonyea litanyooshwa, taa ikivunjika itanunuliwa. Mguu hauuzwi dukani. Na watoto wadogo wawe mbali, maana kwao pikipiki iliyosimama ni farasi wa kupanda.

Yule kijana alipopona alinijia, tukaiinua tena pamoja hatua kwa hatua, mamake akitutazama mlangoni bila kusema neno. Ilipokaa imara juu ya stendi, alikuja akaisukuma kwa kidole. Haikutikisika. Akarudi jikoni. Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za mnunuzi.

Tahadhari kabla ya hatari, msomaji wangu. Tukutane Jumapili ijayo, sote tukiwa wazima.