Sindano Iliyokula Wimbo



Majuma machache yaliyopita alinijia barazani kijana mmoja wa mtaani kwetu, mfanyabiashara wa kupamba kumbi na nyumba za wageni. Akanipa shikamoo, akaketi, akanywa kahawa, kisha akatoa haja yake. Amesikia kwamba ninalo sanduku la santuri la zamani, lile la kubeba mkononi na kutiwa ufunguo, naye angependa kulinunua. Nikamwambia kwamba sahani zake zimebaki chache na kamani yake imechoka. Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, hata lisipolia si neno. Wageni wanapenda kuliona tu."

Sikumkasirikia. Ana familia ya kulisha, na sanduku lenyewe kweli lapendeza macho. Lakini maneno yake yale, hata lisipolia si neno, yamekaa nami tangu siku hiyo, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nakiri kwamba mimi pia nina hamu ya kale, na mtu wa umri wangu akisema hana, basi anaficha. Swali langu ni hili: tunapolitamani sanduku la santuri, twatamani nini hasa?

Nitaanza na sanduku lenyewe, maana wengine miongoni mwenu hamjapata kuligusa. Langu ni HMV 102, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1931. Likifungwa hudhani ni kijisanduku cha msafiri: lina mpini, vifungo vya chuma, na ngozi bandia nyeusi. Likifunguliwa hutoa harufu ya mafuta ya mashine na vumbi la miaka. Ile pembe kubwa tunayoiona katika picha za gramafoni za kwanza haipo. Imekunjwa na kufichwa ndani ya mbao. Fikra hii ya kuitia muziki mkobani ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1914 kampuni moja ya London ilitoa gramafoni ya kubeba iliyoitwa Decca, na askari wa Uingereza wakaenda nayo mahandakini katika Vita Kuu ya Kwanza. Haikuhitaji umeme wala betri. Mkono wa binadamu uliikaza kamani, kamani ikaizungusha sahani mara 78 kwa dakika, sindano ikapita katika mfuo, kiwambo kikatetemeka, na sauti ikatoka.

Niruhusuni nipumzike kidogo kwenye maneno, maana hapa ni kwetu. Tazameni utajiri uliotujia na sanduku moja! Kamani ilikuwa ndani ya saa za mezani kabla ya kuingia humu. Kiwambo ni ngozi ya ngoma. Sahani tuliitoa jikoni. Santuri lafanana na jina la kile chombo cha nyuzi cha Waajemi na Waarabu kinachogongwa kwa vijiti, nalo kwetu likawa jina la mashine na la sahani yake pia. Wazee wengine walisema kinanda tu, na msikilizaji alijua kwa muktadha kama ni cha nyuzi, cha kanisani au cha ufunguo. Hawakukimbilia kukopa neno jipya kabla ya kutazama ghalani. Na hata kile kilichotengenezea sahani hizo za kale, ule utomvu mgumu wa wadudu wa India, ni ndugu wa lakiri iliyokuwa ikipigiwa mihuri barua. Nimeshawahi kumwambia mwanafunzi kwamba wimbo ule ulikuwa barua iliyofungwa kwa lakiri, akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni tashibihi." Nikamrekebisha kwamba ni sitiari, lakini moyoni nilifurahi.

Kwa sisi watu wa ushairi, sanduku hili lina deni letu la pekee. Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alitia mashairi ya Kiswahili katika sahani wakati taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, nasi tunamsoma Siti katika kitabu hicho. Lakini kabla ya kitabu ilikuwapo sahani. Mtu aliyekuwa mbali na Unguja, asiyejua herufi hata moja, aliweza kuyapata mashairi hayo yakiwa mazima, pamoja na lafudhi, mkazo, na pumzi inayovutwa kabla ya kibwagizo. Hakuna chapisho la karatasi linaloweza hilo.

Sasa nije kwetu Tanga. Babu mzaa mama alilinunua sanduku hili kabla sijazaliwa. Nilipopata akili, miaka ya mwisho ya 1960, lilikuwa tayari ni zee. Kaka zangu walikuwa na kile cha plastiki cha kutia mawe, cha kupigia santuri ndogo za mizunguko 45, na mtaa mzima ulikuwa ukimsikiliza Bi Shakila akiimba. Sanduku la babu lilikuwa la jioni ya Ijumaa, la watu wazima. Bibi alitandika mkeka, babu akatia ufunguo akihesabu zamu kimoyomoyo asije akaikata kamani, na sisi watoto tukakatazwa kukimbia, maana mtikisiko wa sakafu ungeirusha sindano.

Hapo kwenye sindano ndipo penye aibu yangu.

Sindano za gramafoni hizi ni za chuma, nazo zilikusudiwa kupiga upande mmoja tu wa sahani, kisha zitupwe. Ndiyo maana ziliuzwa kwenye vikopo vidogo, kikopo kimoja sindano 200. Sahani ya lakiri ni ngumu, hivyo hulinoa chuma linapopita. Chuma kikishachakaa huwa na ncha kali za pembeni, na mkono unaoishika sindano ile hulemea kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Matokeo yake ni kwamba sindano iliyochoka huanza kuchimba kuta za mfuo, na kuta za mfuo ndizo sauti. Babu alilijua hilo. Sindano zilipoadimika madukani akazitunza kama dawa. Lakini babu alikuwa na safari zake, na mimi nilikuwa mtoto mwenye mapenzi na wimbo mmoja. Nikichukua sindano kuukuu kutoka katika kikopo cha taka, nikainoa juu ya jiwe la bibi la kusagia dawa, nikaupiga ule wimbo mchana, tena na tena, nikiwa nimejaza kitambaa mbele ya tundu la sauti nisisikiwe nje. Nadhani mnaweza kukisia. Nilikuwa nikiula.

Babu aliporejea aliisikia tofauti siku ya kwanza tu. Hakunipiga. Alisema, "Umeikwangua," akaifunga. Katikati ya ubeti wa pili maneno yalikuwa yamegeuka mchakato kama wa mvua juu ya bati. Lakini Ijumaa iliyofuata sahani iliwekwa tena, na ilipofika pale palipokwanguka, bibi, huku akichambua mchele, akaimba maneno yale yaliyokosekana kwa sauti ndogo, akayapokeza kwa mwimbaji upande wa pili wa pengo bila kukosa hata pigo moja. Akafanya hivyo kila mara. Ikawa ndiyo tabia ya wimbo huo nyumbani kwetu: mwimbaji, bibi, mwimbaji. Kwa miaka mingi sikuona kama pana kitu kilichopungua.

Hiki ndicho ninachotaka kusema kuhusu hamu yetu ya kale. Sanduku lililia kwa sababu palikuwa na watu waliokaa mkekani kulisikiliza, na nusu ya wimbo ilikuwa katika sahani na nusu vifuani mwao. Ukiliweka juu ya meza ya hoteli, kimya, karibu na chungu cha maua ya plastiki, umenunua ngozi na vifungo. Na ukinunua vile visanduku vipya vinavyoigiza sura ya kale, vyenye rangi ya waridi na spika ndogo tumboni, umenunua walau kitu kinacholia, nami sitakubeza. Ila tafadhali usiweke juu yake sahani za mizunguko 78 kwa sindano ya santuri za plastiki, wala usithubutu kuweka santuri ya plastiki chini ya sindano ya chuma ya babu. Itailima kama jembe.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hanielewi. Aniambia kwamba simu ya mjukuu wake ina nyimbo zaidi ya zilizokuwa Tanga nzima wakati wetu, tena safi, bila mchakato. Ni kweli, na mimi mwenyewe nazisikiliza. Hata zile za akina Siti zimenakiliwa, nawashukuru waliofanya kazi hiyo. Tofauti naiona katika namna ya kusikiliza. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika tatu hivi. Hukuweza kuruka kwenda mbele. Hukuweza kuondoka, maana mashine ingemaliza na kuendelea kuchakura katikati. Dakika tatu ni beti chache na kibwagizo, basi. Mtunzi aliyepewa dakika tatu hawezi kuzurura. Nami husoma mashairi mengi yanayoletwa kwenye ukurasa huu, beti kumi na nane, ishirini na mbili, na mara nyingi najiuliza: kama ndugu yangu huyu angepewa upande mmoja wa sahani, angebakiza zipi?

Nililitumia sanduku hili darasani pia, miaka ya 1980, baada ya kutoka chuo cha ualimu. Tulikuwa hatuna umeme, hivyo lilinifaa. Siku moja nilisahau kukaza kamani. Wimbo ukaanza kudorora, sauti ya mwimbaji ikashuka ikawa ya jitu, darasa likaangua kicheko. Nikawaacha wacheke, kisha nikawaambia wahesabu. Wakahesabu kwa vidole, mshororo ukijikokota: nane upande wa ukwapi, nane upande wa utao. Kamani imekufa, mwimbaji amekuwa jitu, na mizani kumi na sita ziko palepale. Sijawahi kufundisha somo la mizani vizuri kuliko siku ile, na halikuwa katika andalio langu.

Bibi alifariki nikiwa kazini mbali na nyumbani. Sikuwa nimeandika maneno yale. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyewatuma wanafunzi wangu vijijini kukusanya methali na nyimbo za jando, sikuwahi kukaa na daftari mbele ya mwanamke aliyenilea. Nilidhani nayajua. Nilipoirithi sahani na kuiweka, nikafika pale penye mvua ya bati, nikafungua kinywa nishike zamu ya bibi, nikakuta nina kina tu na sauti yake ya kupanda. Maneno hayakuwapo. Jina la mwimbaji nalo limepotea. Mende waliila karatasi ya katikati zamani sana, ikabaki nusu ya picha ya yule mbwa anayesikiliza pembe. Nimewauliza wazee watatu. Mmoja aliujua wimbo, akaucheza kwa mabega, lakini alikuwa na ubeti wa kwanza tu.

Nimeyaandika maneno yote yanayosikika. Katika ubeti wa pili, mshororo wa tatu, utao, zinakosekana mizani tano. Mtu aliyetunga mashairi maisha yake yote hashindwi na mizani tano. Nilizijaza usiku mmoja. Zilikaa vizuri, kina kikaitikia, maana ikapanda. Asubuhi niliposoma nikaona hata mimi mwenyewe, baada ya mwaka mmoja, nisingejua tena kwamba ni zangu. Nikafuta, nikaweka vitone.

Yule kijana wa mapambo alirudi wiki iliyopita kupata jibu. Nikamwambia siuzi, lakini kwa kuwa amekuja, aketi. Sahani hiyo siipigi ovyo siku hizi, kwa maana kila mara ninapoisikiliza naipunguza. Hata hivyo nikatoa sindano mpya niliyoletewa kutoka Uingereza, nikatia ufunguo, nikaiweka. Alikuwa ameshika simu yake mkononi, akaiweka juu ya mkeka. Hakusema kitu ubeti wote wa kwanza. Tulipofika pale kwenye ubeti wa pili, akainamisha sikio karibu na sanduku, akakunja uso.

"Anasemaje hapo, Mwalimu?"