Kizuri Hakijiuzi Tena: Asali ya Tabora na Hongo ya Njia Mpya

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilikuwa kweli pale mnunuzi alipoweza kuchovya kidole katika asali, akaonja, akaamua. Leo mnunuzi yuko Dodoma, Dar es Salaam au Muscat. Ameshika simu, ameandika maneno mawili matatu kwenye Google, na anachokiona ni kile ambacho injini ya utafutaji imeamua kumwonyesha. Asali ya Sikonge yaweza kuwa tamu kuliko zote zilizoorodheshwa mbele yake. Kama haimo katika ukurasa wa kwanza, kwa mnunuzi huyo haipo duniani.

Kwa miaka kadhaa sasa vijana wetu wamehubiriwa, semina baada ya semina, wafungue maduka mtandaoni kwa kuwa soko la dunia liko kiganjani mwao. Wengi wamefungua. Duka lisipoonekana, huambiwa kwamba kosa ni lao: hawana ubunifu, hawajui kujitangaza, wamtafute mtaalamu. Hoja hiyo naipinga. Kuonekana kwa duka mtandaoni ni suala la njia, na njia, tangu enzi za misafara, ni suala la siasa.

Tabora inapaswa kulielewa hilo kuliko mji mwingine wowote wa bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza Ugogo na kupumzika Unyanyembe, na katika kila himaya ililipa hongo. Neno hilo, ambalo leo halina maana nyingine ila rushwa, lilikuwa jina la ushuru wa njia uliolipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya. Mtemi Mnywa Sere alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa Tabora, walimng'oa na kumweka Mkasiwa, karibu na mwaka 1860. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini. Watu hawa walijua jambo ambalo semina zetu hazilisemi: anayeishika njia humpangia faida anayeubeba mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alitembea mamia ya maili na pembe begani, lakini bei ya pembe hiyo hakuipanga yeye.

Njia mpya nayo ina wenyewe, na hongo yake hulipwa kwa kadi ya benki. Juu ya matokeo ya utafutaji hukaa matangazo, na nafasi hizo hugombewa kwa mnada wa maneno. Mfanyabiashara wa Kaliua anayetaka kuonekana kwa neno «asali» huingia mnadani pamoja na kampuni yenye bajeti ya matangazo kuliko mauzo yake ya mwaka. Haya si manung'uniko ya mwalimu asiyeipenda teknolojia. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei za bidhaa katika matokeo ya utafutaji. Agosti 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani aliamua kwamba kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kama Ulaya na Marekani zinalichukulia suala hili kuwa la dola, kwa nini sisi tumemwachia kijana mwenye chupa ishirini za asali?

Chini ya matangazo hayo, hata hivyo, yapo matokeo yasiyolipiwa, na hapo ndipo penye nafasi yetu. Programu za injini ya utafutaji hutembea kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, husoma maneno, huyaweka katika faharasa, kisha hupanga kurasa kwa kupima mambo mengi. Mawili kati ya hayo ni makubwa: ukurasa unasema nini, na ni kurasa gani nyingine za kuaminika zinazouelekeza msomaji huko. Google yenyewe huonya kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na viungo vya kununuliwa huvihesabu kuwa udanganyifu. Kwa hiyo anayekuuzia «namba moja kwa siku saba» anakuuzia hirizi.

Jambo la kwanza kati ya hayo mawili liko mikononi mwa mwenye duka, na simwondolei wajibu. Picha ya chupa yenye bei iliyochorwa juu yake, na chini yake maneno «bei njoo inbox», haimwambii mtafutaji chochote. Aandike kwa maneno ya kawaida: asali ya nyuki wadogo au wakubwa, imetoka wilaya gani, imevunwa lini, imechujwaje, kilo moja ni shilingi ngapi, inafikaje Mwanza. Kila bidhaa iwe na ukurasa wake. Picha ziwe nyepesi, kwa kuwa mteja analipia bando. Duka lisajiliwe kwenye ramani ya Google, huduma isiyo na malipo.

Lakini jambo la pili, yaani kurasa za kuaminika zinazoelekeza kwake, hawezi kulijenga peke yake. Nani ameandika kwa Kiswahili, mtandaoni, kwa kina, kuhusu asali ya miombo? Mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwandishi wa blogu kulipa ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Blogu na majukwaa kadhaa yakazimwa. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini kalamu iliyowekwa chini kwa hofu hairudi mkononi kwa tangazo la gazeti la serikali. Tuliwatoza hongo wale wale ambao kurasa zao zingewaelekeza wanunuzi kwa wafugaji nyuki wetu, kisha tukawauliza wafugaji kwa nini hawaonekani.

Ninyi mlio katika utumishi wa umma, jambo hili halihitaji mradi wa wafadhili. Tovuti za halmashauri zipo. Zimejaa habari za ziara za viongozi na nyaraka zilizopigwa picha, nyingine zimelala ubavu, ambazo mtambo huzisoma kwa taabu na binadamu hazisomi kabisa. Kila halmashauri ya Mkoa wa Tabora iweke ukurasa mmoja wa maandishi unaotaja vikundi vya ufugaji nyuki vilivyosajiliwa, bidhaa zao, na kiungo cha duka la kila kikundi. Kiungo kutoka tovuti ya Serikali kina uzito ambao hakuna fundi wa mtaani awezaye kuuza. Gharama yake ni mchana mmoja wa ofisa mmoja.

Nasi wa vyuo vikuu tusijifiche. Utafiti kuhusu nyuki na misitu ya miombo tunauandika kwa Kiingereza na kuufungia kabatini. Mwanafunzi anayefanya utafiti Urambo au Uyui aandike pia muhtasari wa Kiswahili ulio wazi kwa wote, na aiboreshe makala ya Wikipedia ya Kiswahili inayohusu wilaya hiyo.

Wapo watakaosema kwamba zama za kutafuta zimekwisha, sasa watu wanaiuliza akili unde. Hiyo nayo hujibu kwa kutegemea yaliyoandikwa. Pasipoandikwa kitu kuhusu Tabora, itamtajia mnunuzi asali ya kwingine.

Asali inayoondoka kwenye madumu bila jina huenda kupewa jina na mwingine, na faida hulifuata jina. Basi kabla semina ijayo haijamwambia kijana ajitangaze, aliyeiandaa aonyeshe kwanza ukurasa wa halmashauri yake uliomtaja kijana huyo. Kama haupo, fedha za posho zitumike kuuandika.