Ordinatere ya Marehemu

Mama mmoja wa kanisa letu, mujane tangu miezi mitatu, alifika kwangu na ordinatere ya mume wake ndani ya kitenge. Amenikubalia niandike habari hii bila jina.

"Pasta, inaomba neno la siri. Watoto wamejaribu majina ya familia yote, hata lako."

Tulicheka kidogo, kisha akalia. Ndani mulikuwa mahesabu ya siku za kazi ya baba, zile kampuni haijalipa, na foto za mutoto wa mwisho. Shemeji yake alikuwa na shauri lake: kijana wa pale kona aifute, iuzwe, pesa ilipe madeni ya kilio.

Ninyi vijana munaojua mashine, sikieni. Fundi akiambiwa "fungua", mara nyingi anafuta yote na kuweka Windows mupya. Mashine inawaka vizuri, lakini vitu vya marehemu vimekwenda. Basi neno la kwanza kwa fundi ni hili: usifute kitu.

Kwa mashine nyingi za zamani, neno la siri linafunga mlango tu. Fundi anatoa diske, anaichomeka ku ordinatere ingine, anakopia karatasi na foto. Lakini nyingi za sasa ziko na kufuli ingine, BitLocker, inayogeuza diske yote isisomeke. Hapo mayele ya fundi inaisha, anahitaji ufunguo wa namba 48. Pengine marehemu aliuandika mahali, ao umewekwa katika konti yake ya Microsoft. Kwa hiyo pekueni daftari zake kwanza. Na musiache namba yake ya simu ikufe, maana kodi ya kuingia katika konti inaweza kutumwa pale.

(Kama mashine ni ya kampuni, rudisheni, muombe foto zenu.)

Sasa nani afungue? Shemeji alisema mali ni ya ukoo. Nikamuonyesha sheria ya familia ya inchi yetu, ya 1987, iliyorekebishwa 2016: watoto wa marehemu ndio kundi la kwanza la warithi. Mujane iko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Ndugu hawezi kubeba mashine peke yake usiku. Hakufurahi, lakini siku ya kufungua alikuja, akakaa.

Na wewe baba unayetoka ku kazi ya mine gizani asubui, muke wako anajua neno lako la siri? Liandike leo pamoja na ule ufunguo, tia ndani ya bahasha, umuonyeshe mahali iko. Usiseme utafanya mwezi ujao. Yule ndugu alikuwa na miaka 41.

Ordinatere yake ilikuwa ya zamani, fundi alimaliza kwa saa moja. Foto tulizikopia juu ya flashi mbili, moja ya mama, moja ya mutoto mukubwa. Mahesabu ya kazi yalionekana. Kulikuwa pia dosye moja aliyoiandika "Ya mimi peke". Shemeji alinyoosha mukono. Nilimwambia fundi asiifungue, mama ataamua siku yake, bila sisi.

Mpaka leo sijamuuliza.