Injini iliyotoka katika mpini wa fagio

Wazazi wengi waliokimbia vita wanasema hawana wakati wa kuwapigia watoto hadithi. Maharagwe hayajapatikana, hema linavuja, halafu baba aketi kusimulia mambo ya kuwaza tu? Wanaosema hivyo wamechoka, na uchovu wao unaeleweka. Lakini wanakosea, na Thomas anawaonyesha kosa lao.

Thomas ni ile injini ndogo ya moshi, ya rangi ya bluu, ambayo watoto wa nchi nyingi wanaiona kwenye televisheni. Watu hudhani ilibuniwa na kampuni yenye pesa. Sivyo. Ilianzia vitani, kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa.

Wilbert Awdry alikuwa padri msaidizi wa Kianglikana huko Kings Norton, Birmingham, mji wa Uingereza uliopigwa mabomu mengi katika Vita Kuu ya Pili. Mwanawe Christopher, ambaye hakuwa amefika miaka mitatu, akashikwa na surua. Chanjo ya surua haikuwepo bado. Ilianza kutolewa mwaka 1963. (Leo ipo. Mzazi ampeleke mtoto kuchanjwa kwanza, hadithi itafuata.) Mtoto akalazwa katika chumba chenye giza, na baba hakuwa na la kumpa zaidi ya maneno. Akamsimulia habari za injini ya moshi iliyokuwa na huzuni kwa sababu wenzake wakubwa waliidharau.

Christopher akataka irudiwe, tena na tena. Na kila baba alipobadili jambo, mgonjwa alimsahihisha! Ikabidi Awdry aandike hadithi nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, asije akakosea tena. Mtoto ambaye dunia yake inatikisika hushika kwa nguvu kitu kisichobadilika. Hilo si mchezo.

Baadaye ikaja zamu ya mikono. Awdry alitengeneza vigari kwa mpini wa fagio na vipande vya mbao. Mtoto aliitaka Gordon, injini kubwa ya safari za mbali, lakini kuichonga hiyo kulimshinda baba. Akatoa injini ndogo, akaipaka bluu, ikaitwa Thomas. Ubavuni aliandika herufi N na W, ambazo kwa Kiingereza alizieleza kuwa ni kifupi cha "hakuna mahali".

Injini ya hakuna mahali. Aliyewahi kuulizwa anwani yake akakosa la kujibu ataelewa.

Kitabu cha Thomas kilitoka mwaka 1946. Ndani yake kazi ya Thomas ni kusogeza na kupanga mabehewa katika stesheni, ili wakubwa waondoke nayo. Yeye hasafiri. Analalamika, anamdhihaki Gordon, anaaibishwa, mpaka anamsaidia mwenzake James aliyeanguka nje ya reli. Hapo ndipo anapewa njia yake mwenyewe. Mchoraji Reginald Payne alimchora kwa kufuata injini za kweli za kampuni moja ya reli ya kusini mwa Uingereza. Zilikuwa 10, zilijengwa kati ya 1913 na 1916, na zote zimekwisha kuvunjwa. Za chuma zimekwisha. Ile ya mpini wa fagio imezaa vitabu na filamu.

Wasomaji wakaanza kuuliza: reli hiyo iko wapi? Awdry akatunga kisiwa kizima, Sodor. Yeye na ndugu yake George wakakipa ramani, milima, vijiji na historia. Hakuna mahali pakapata makao.

Katika kambi, watoto wanaunda lori kwa mikebe na vifuniko vya chupa, na wakubwa wanawafokea waende kuchota maji. Waende, maji ni ya lazima. Lakini jioni waulizwe lori hilo linatoka kijiji gani, linavuka mto gani, linapakia mihogo ya nani. Mtoto aliyezaliwa kambini hawezi kujua hayo asipoambiwa. Baba akikosea jina la kilima, nyanya yuko pale pale mlangoni, atamsahihisha.